Alama Mia Nne na Nane

Hii ni wiki ya sita nawaungamia, na bado sijafika mahali pa kujisifia.

Kwa aliyechelewa: mimi ni Ketaki Biradar, wa hapa Latur, mji ambao mtoto hajaota meno watu wameshauliza atasomea udaktari kwa mwalimu gani. Mtihani wa kuingia udaktari nimeufanya mara mbili. Mara ya kwanza nilipata tisini na moja kati ya mia saba na ishirini. Nikajifungia mwaka mzima, nikarudia, nikapata mia moja na nane.

Msicheke. Swali la ishirini na tatu nililiruka, nikasahau kuruka na mstari wake kwenye karatasi ya majibu. Jibu la ishirini na nne nikalipaka wino kwenye viduara vya ishirini na tatu, na hivyo hivyo hadi mwisho. Nilipofika chini nikakuta mstari wa mia na themanini uko mtupu, na hapo hapo kengele ikalia. Wino haufutiki, na kila jibu la kosa linakukata alama.

Nani angeniamini? Latur kila aliyefeli ana hadithi yake ya viduara.

Kwa hiyo asubuhi ya matokeo, Baba akiwa bado anaoga, nilichukua simu nikaichezea karatasi ya matokeo. Moja nikaigeuza nne. Mia nne na nane! Niliichagua kwa akili zangu zote: si kubwa ya kuwafanya watu waulize nimepangiwa chuo gani cha serikali, wala si ndogo ya kumliza Mama.

Kumbe nilikuwa nimechagua hasa alama za watoto wanaopelekwa ng'ambo.

Maana sheria yetu ni moja. Hata ukienda kusomea udaktari nchi za nje, sharti uwe umefuzu mtihani wa nyumbani. Kama hujafuzu, soma huko miaka sita, vaa koti jeupe, piga picha kwenye theluji, ukirudi hupewi leseni ya kumtibu hata mbuzi. Mwenye mia nne na nane anaruhusiwa kwenda. Mwenye mia moja na nane hana pa kwenda ila kurudia mtihani.

Wiki jana niliwaacha sebuleni kwetu. Bwana Salgare, wakala wa vyuo vya nje, amekaa kwenye kochi letu, amemwomba Mama namba yangu ya mtihani ili aitoe karatasi ya matokeo yeye mwenyewe, moja kwa moja kutoka mtandaoni.

Tuendelee.

Mama alifungua faili, akavaa miwani, akaanza kuisoma namba ile kama anasoma maombi.

"Mama, intaneti leo mbovu," nikasema.

"Yangu iko vizuri, Daktari," akasema Salgare. Yule bwana kila mtoto wa mtu humwita Daktari, hata kabla hajamtoza kitu. "Mama, endelea."

Mama akaendelea. Salgare akabofya. Mimi nilikuwa nimeshika sinia la vikombe.

"Tarehe ya kuzaliwa?"

Mama akamtajia.

Akasubiri. Kisha nikamwona amesoma. Mtu akisoma kitu kibaya macho yake hurudi juu kusoma tena, na macho ya Salgare yalirudi. Halafu akanitazama mimi. Hakumtazama Mama wala Baba. Alinitazama mimi tu, kwa muda wa kumeza mate.

"Vipi?" Baba akauliza.

"Safi kabisa," akasema Salgare, akaitia simu mfukoni. "Mia nne na nane. Hongera, mzee."

Ndugu zangu, hapo ndipo niliposhikwa na hofu ya kweli. Angenifichua ningelia, ningepigwa maneno, yangeisha. Lakini mtu anayeiona aibu yako akaikunja vizuri na kuiweka mfukoni, huyo ana kazi nayo.

Baba alimsindikiza hadi getini akicheka. Mimi nilibaki na sinia.

Kesho yake nilikwenda kwa Mwalimu Patange, aliyenifundisha fizikia mwaka mzima. Darasa lake liko ghorofa ya tatu, na nje ya jengo kuna bango lenye nyuso za waliofaulu. Nilikwenda kama mtu anayemuulizia rafiki yake.

"Mwalimu, mtu akienda ng'ambo bila kufuzu mtihani wa hapa, kuna mlango wa nyuma wowote?"

"Hakuna. Hata dirisha hakuna," akasema bila kuinua kichwa. "Nani anataka kwenda?"

"Rafiki yangu."

"Rafiki yako ana alama ngapi?"

"Sijui vizuri."

"Rafiki yako ana pua kama yako?"

Nikainama.

"Sikiliza, binti," akasema. "Mawakala wanawachukua hata wasiofuzu. Wanawaambia mtamaliza kwanza, leseni mtaitafuta mbele ya safari. Watoto wanasoma miaka sita, wanarudi, wanauza dawa kwenye duka la mjomba. Mwambie rafiki yako arudie. Fomu zinafungwa Jumatatu, saa kumi na moja jioni. Darasa langu la warudiaji linaanza Alhamisi, na kiti chake kipo."

Maneno yote yalikuwa ya kweli mpaka alipofika kwenye kiti. Hapo na yeye nikamshuku. Salgare anataka niende kwa sababu anakula kwa wanaoondoka. Patange anataka nibaki kwa sababu anakula kwa wanaobaki. Katika mji huu kila anayekushauri ana kijiko mkononi.

"Mwalimu," nikamuuliza nikiwa mlangoni, "kwa haki kabisa, mimi naweza?"

Akavua miwani. "Mitihani ya majaribio ulikuwa unapata mia tano na themanini. Mia sita mara mbili. Nimeambiwa ulipata mia nne na nane. Hiyo sikuielewa, na huyo rafiki yako simwelewi zaidi."

Hata yeye alikuwa ameambiwa mia nne na nane! Uongo wangu ulishapanda ngazi hadi ghorofa ya tatu kabla yangu.

Nilitaka kumwambia habari ya mstari wa ishirini na tatu. Badala yake nikamuaga. Nikashuka.

Ijumaa ikaja fomu.

"Ya viza," Mama alisema, akaniwekea karatasi mbili mezani. "Bwana Salgare anaitaka leo leo. Jaza, mwanangu, mwandiko wako mzuri."

Nilijaza. Nataka mjue kwamba niliijaza mwenyewe, kwa kalamu yangu, wala hakuna aliyenishika mkono. Jina. Jina la baba. Urefu. Kundi la damu. Mahali pa kuzaliwa. Saa ya kuzaliwa, kwa dakika.

"Mama, nilizaliwa saa ngapi?"

"Saa mbili na dakika kumi na saba asubuhi. Kwa nini?"

"Wanauliza."

"Wazungu hao wanapenda uhakika," akasema Mama kutoka jikoni.

Wakirigizi, wenye nchi aliyotuchagulia Salgare, si Wazungu, lakini sikutaka kubishana. Nikaendelea. Rangi ya ngozi. Ukoo wa upande wa mjomba na kijiji chao. Unakula nyama au huli. Unajua kupika nini.

Nikacheka peke yangu. Nikadhani ubalozi umechanganyikiwa. Mimi ninayemshuku hata muuza maziwa, ninayehesabu chenji mara tatu, niliandika kwa mwandiko mzuri: *Najua kupika dengu, mikate ya bhakri, biringanya za kujaza.* Nikatia sahihi.

Kwa nini sikushtuka? Kwa sababu macho yangu yote yalikuwa kwenye namba moja tu. Mwenye kuficha kitu hukilinda kitu hicho usiku na mchana, huku wezi wakiingia kwa mlango mwingine.

Jumapili asubuhi Mama aliniletea sari ya kijani.

"Ya nini?"

"Bwana Salgare anakuja na dada yake. Wanataka kuona vyeti halisi."

"Vyeti vitaonekana hata nikiwa na gauni."

"Ketaki, usianze."

Nikavaa. Nilipoingia jikoni nikakuta poha. Mchele uliopondwa, umekaangwa na vitunguu na manjano, umenyunyiziwa majani ya giligilani na nazi iliyokunwa, umepangwa kwenye visahani vya shaba ambavyo havijatoka kabatini tangu harusi ya binamu yangu.

Nilisimama pale nikizitazama.

Mtu wa kwetu hahitaji kuambiwa. Mgeni wa kawaida hupewa chai na biskuti. Mgeni wa vyeti hupewa chai. Poha za vitunguu, kwenye sahani nzuri, zinazobebwa na binti aliyevaa sari, hupewa watu wa aina moja tu: waliokuja kumtafutia kijana wao mke.

"Mama," nikasema, "hawa wamekuja kuniona?"

Mama alikuwa anapanga vijiko. "Wamekuja kuona vyeti."

"Vyeti vinaliwa na poha?"

"Beba sinia, mwanangu. Zitapoa."

Alijua. Ndiyo maana hakuigeuza shingo kunitazama. Nikabeba sinia.

Dada yake Salgare anaitwa Kamal, mama wa makamo, ana bangili mpaka karibu na kiwiko. Alikuwa na ile fomu yangu ya viza mapajani. Ubalozi hauulizi saa ya kuzaliwa; anayeuliza ni mpiga nyota wa ndoa.

"Njoo hapa, mwanangu," akasema. "Hebu kwanza nenda pale ukaniletee maji."

Jagi lilikuwa mbele yake. Alilotaka ni kuona ninavyotembea. Nikaenda, nikarudi, nikampa maji, hakuyanywa.

"Poha umepika mwenyewe?"

"Amepika mama yangu."

Mama akakohoa.

"Mkweli," akasema Kamal, akamgeukia mdogo wake. "Nampenda. Wasichana wa siku hizi wanadanganya sana."

Salgare akanitazama juu ya kijiko chake, akatabasamu. Nilitamani ardhi inimeze na sari yao ya kijani.

Ikatolewa picha. Kijana mnene kidogo, kofia ya manyoya, nyuma yake jengo refu. Pushkar, mtoto wa Kamal, mwaka wa tano udaktari, Bishkek, kwa Wakirigizi.

"Mtoto ametaabika na chakula," Kamal alimwambia Mama. "Amekonda. Mahanjumati ya kwetu hayapati kule. Tukasema, kama Ketaki naye anakwenda kusoma chuo hicho hicho, si afadhali wafunge ndoa ndogo kabla, waende kwa heshima? Watakaa nyumba moja. Sisi hatutaki mahari wala vyombo. Na ada ya chuo ya mtoto wenu tutaibeba sisi."

Baba aliinua uso. Ninamjua baba yangu. Ni mpima mizani katika soko la mbaazi, hana shamba la kuuza, na tangu Juni alikuwa amekonda kuliko huyo Pushkar akiwaza ada ya ng'ambo itatoka wapi. Nilimwona mzigo ukimtoka mabegani. Nilimwona anafurahi, na furaha yake iliniuma kuliko kofi.

"Tutamuuliza mtoto," akasema Baba. "Yeye ndiye mwenye maisha yake."

"Naomba niongee na Bwana Salgare," nikasema. "Habari za masomo."

Tukasimama kwenye ngazi za kupandia juu ya paa, mlango wazi, watu wote wakituona lakini hawatusikii.

"Umeona," nikamwambia.

"Nimeona. Moja, sifuri, nane." Alisema taratibu, kama anaagiza chai. "Mji mzima tunajua watu wawili. Mimi sina shida na hilo, mwanangu. Vijana hukosea."

"Sasa chuo kitanipokeaje?"

"Chuo kitakupokea. Chuo hakina habari na mtihani wenu."

"Na leseni? Nikirudi?"

"Leseni ya nini?"

"Ya kutibu, Bwana Salgare! Nitasoma miaka sita nirudi nifanye nini?"

Akapunguza sauti, akawa mpole kabisa, na hapo ndipo aliponitisha. "Pushkar ndiye atakayetibu. Wewe utakuwa mke wa daktari, na mwenyewe umesoma. Koti jeupe utavaa, picha utapiga, baba yako atawaonyesha watu. Daktari wa nyumbani hahitaji leseni."

"Mnatafuta mpishi."

"Tunatafuta binti wa watu wema." Akajisafisha meno kwa ulimi. "Ukikataa, hakuna ubaya. Mimi itabidi tu nimpe mzee karatasi halisi ya matokeo, kwa ajili ya kumbukumbu. Jumanne nakuja kuchukua vyeti na kupanga siku. Fikiri."

Sijui nilirudije sebuleni. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema wahenga, lakini wangu nilimtia nguoni mwenyewe na kumfungia vifungo.

Nilifikiri hivi. Jumanne ni Jumanne. Fomu ya mtihani inafungwa Jumatatu. Nikishajiandikisha kurudia, nitakuwa na kitu mkononi cha kumwonyesha Baba pale atakapoujua ukweli. Nitasema: nilidanganya, ndiyo, lakini tazama, nimeshaanza kurekebisha. Kumwambia kabla, mikono mitupu, sikuweza. Huu ni woga, najua. Msiniandikie barua kunieleza.

Jumatatu saa tisa alasiri nilimwambia Mama nakwenda kupiga picha za pasipoti. Mama akanipa na za chai.

Nikaenda kafe ya intaneti ya Nausheen, msichana tuliyesoma naye shule ya msingi. Yeye alikataa udaktari tangu darasa la nane, na sasa anawajazia fomu wanaoutaka.

"Mara ya tatu, dada?" akaniuliza.

"Bofya tu."

"Nabofya. Si umeona nabofya?"

Mtandao ulikuwa mzito, nchi nzima imengoja siku ya mwisho. Ukurasa ulikwama mara nne. Picha ikakataliwa kwa kuwa masikio hayakuonekana, tukapiga nyingine. Ilipofika saa kumi na dakika arobaini ndipo tukafika mwisho.

"Haya," akasema Nausheen. "Namba sita za uthibitisho zimetumwa kwenye simu uliyojiandikishia mara ya kwanza."

Mara ya kwanza nilijiandikisha kwa simu ya Baba. Watoto wote wa Latur hujiandikisha kwa simu za baba zao, maana shule zilikuwa zikitukataza kuwa na zetu.

"Ibadilishe."

"Haibadiliki leo. Mpigie. Na uangalie, ukikosea mara tatu fomu inajifunga."

Nikapiga.

"Baba, kuna ujumbe umeingia kwako sasa hivi. Nisomee namba sita zilizomo."

"Ujumbe gani? Uko wapi wewe? Hapa kuna wageni."

"Wageni gani?"

"Bwana Salgare amekuja. Kasema Jumanne si siku nzuri kwa mambo ya heri, tumalize leo." Nikasikia anahangaika na simu, sauti ikawa mbali, kisha karibu. "Humu kuna namba tele, mwanangu. Kuna ndefu, kuna fupi, kuna ya tarehe, na maneno yote Kiingereza. Ngoja, huyu hapa atanisomea."

"Baba, usimpe! Baba!"

"Daktari," sauti ya Salgare ikasema sikioni mwangu. "Unajiandikisha mtihani? Mbona hukusema?"

Nikashika kalamu.

"Haya, andika. Saba, tatu, tisa, tisa, sifuri, mbili."

Nikazirudia kwa sauti. Nausheen akaandika, akabofya, akatikisa kichwa.

"Sizo, Bwana Salgare."

"Ndizo hizi zilizoandikwa. Labda ni mikono yako." Akacheka. "Wewe na namba mna mambo yenu, au siyo?"

Nikamsikia na Baba anacheka pale pembeni, bila kujua anachekea nini.

Sijawahi kukasirika vile. Nilikuwa nimemwogopa mtu huyu siku zote hizi, lakini kumsikia baba yangu anachekeshwa kwa aibu yangu mwenyewe, akiwa na chai mkononi, amekaa kwake, kulinitoa woga wote.

"Zisome tena," nikasema.

Akazisoma tena. Safari hii ya tano ilikuwa nane. Nausheen akanitazama, na nikamwambia asiandike. Nikakata simu, nikampigia Mama.

"Mama, mpe Baba simu yako. Aje nayo jikoni. Na simu yake aje nayo. Mwambie asimwachie mtu."

"Kuna nini? Umegongwa na gari?"

"Mama, kimbia!"

Nilisikia miguu, bangili, mlango. Kisha sauti ya Baba, chini, ya hasira.

"Ketaki, unamvunjia mgeni heshima. Mtu anakusaidia unamkatia simu?"

"Baba, nisomee wewe. Ya tarakimu sita. Usimpe yeye."

"Kwa nini nisimpe?"

"Kwa sababu ananisomea sizo."

"Asome sizo kwa faida gani? Mtu anayekulipia ada!"

Saa kumi na dakika hamsini. Nausheen alikuwa ameacha kujifanya hasikii.

"Kwa sababu hataki nirudie," nikasema. "Anajua kitu juu yangu ambacho wewe hujui, na akinipoteza hana mtu mwingine wa kumshika hivyo. Baba, sikuwahi kupata mia nne na nane."

"Unasema nini?"

"Niliibadilisha ile karatasi. Kwa simu. Asubuhi ile ulipokuwa unaoga."

Nikasikia sufuria ya Mama ikiwekwa chini.

"Ile niliyoichapisha nikaiweka mbele ya miungu?" akauliza Baba. "Niliyoiwashia taa?"

"Ndiyo, Baba."

"Kila siku nimeiwashia taa. Tangu Juni."

"Ndiyo."

"Ya kweli ni ngapi?"

"Mia moja na nane."

Nikamweleza. Nilisema haraka haraka, mstari wa ishirini na tatu, wino, mstari mtupu wa mwisho, Salgare kwenye ngazi, kwamba bila kufuzu ng'ambo ni miaka sita ya kumpikia Pushkar. Nililia na kusema kwa pamoja. Sijui alishika nini na kipi kilimpita.

Kwa mbali nikasikia Salgare anaita kwa sauti ya upole, "Mzee Biradar, chai inapoa!"

"Nyamaza kwanza," Baba akamjibu. Sijawahi kumsikia akimwambia mgeni hivyo.

Akarudi kwenye simu. Alikuwa anapumua kama mtu aliyepanda ngazi.

"Nimeiona," akasema. "Tarakimu sita. Ziko mstari wa pili."

"Nisomee, Baba. Zimebaki dakika chache."

"Saba," akasema.

Nausheen akaandika saba.

"Tatu."

Akaandika tatu. Namba ya tatu haikuja. Nilidhani simu imekatika.

"Baba?"

"Mstari wa ishirini na tatu," akasema polepole. "Nataka kuamini. Lakini hata ile mia nne na nane niliiamini, Ketaki. Nilimwonyesha kila mtu sokoni. Sasa mwakani, ukiniletea karatasi nyingine, mimi baba yako nitajuaje?"

Kwenye skrini zilibaki dakika nne na nafasi nne tupu, na Baba alikuwa ananisubiri niseme. Nilichomwambia nitawaungamia wiki ya saba.